Mlau: Neno na Mto Wake

Kiongoroni ni kata ya delta ya Rufiji, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kibiti. Huko mto uliozaliwa na Kilombero na Luwegu hugawanyika mikono mingi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, kati ya mikoko ambayo boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni.

Masika huufurisha mto. Maji yapungukapo, wakulima wa bonde hupanda katika tope lililoachwa, nao hulinda mashamba wakiwa juu ya dungu. Kilimo hicho ndicho mlau. Neno hili halitaji zao moja. Lataja wakati, udongo na unyevu kwa pamoja.

Mwaka 1968 na 1969 serikali iliwahamishia wakazi wengi wa bonde kwenye miinuko. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Hata hivyo, Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti.

Mto ukibadili desturi yake, neno laweza kubaki kamusini bila kitu chake. Yatupasa, basi, kulikusanya pamoja na maarifa ya mkulima angali akilitumia.