Gofu inaingia Serengeti, mpini ukikaa vibaya mpira unapotea

UKITAJA michezo mkoani Mara, wengi wanakimbilia soka. Watakukumbusha Biashara United, iliyokipiga Ligi Kuu hadi iliposhuka daraja mwaka 2022. Sasa pale Fort Ikoma, wilayani Serengeti, Tanapa wamekuja na mradi wa uwanja wa gofu wa mashimo 18.

Kwa kijana wa Serengeti au Tarime, gofu inaonekana mchezo wa wageni wenye hela. Lakini wachezaji wengi wa kulipwa nchini walianzia chini kabisa, wakiwa makedi, wale wanaobeba mifuko ya fimbo za wenzao. Fimbo zao za kwanza huwa za kupewa au za mtumba, na hapo ndipo mtu anaweza kuhangaika mwaka mzima akidhani mkono wake ni mbovu, kumbe tatizo ni mpini.

Iko hivi. Mchimbaji mdogo wa Nyamongo, Tarime, hahitaji darasa kwenye hili. Mpini wa sululu uliopinda unajizungusha mkononi, na sululu inatua pembeni. Fimbo ya gofu nayo ina tabia hiyo, ila kosa lake halionekani kwa macho.

Mipini mingi ya kisasa ni ya kaboni. Karatasi za nyuzi za kaboni zinaviringishwa kwenye nondo, zinaokwa, kisha nondo inachomolewa. Karatasi zinapopandana, upande mmoja unaweza kuwa mgumu kidogo kuliko mwingine. Mafundi wanauita uti wa mgongo wa mpini. Hata wa chuma unaweza kuwa mnene zaidi upande mmoja.

Kwa nini iwe ishu? Kwa sababu uzito wa kichwa cha fimbo hauko kwenye mstari wa mpini, umekaa pembeni. Mchezaji anapozungusha fimbo, mpini unapinda na kujisokota. Kichwa kinagusana na mpira kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde tu, hivyo hakuna muda wa kurekebisha. Uso wa fimbo ukigeuka nyuzi 1 tu, mpira wa mita 250 unaweza kwenda kando zaidi ya mita 4. Kwa mtu wa soka, chukulia umelenga katikati ya goli lenye upana wa mita 7.32. Mpira huo umetoka nje ya nguzo.

Fundi anaupimaje? Anaubana mpini kwenye jiliwa upande wa mshiko, anafunga kizito kidogo kwenye ncha, anaivuta na kuiachia. Ikicheza juu na chini kwenye mstari mmoja, mambo safi. Ikianza kuchora duara, anauzungusha mpini kidogo na kujaribu tena hadi apate mstari ulionyooka. Anaweka alama, kisha anagundisha kichwa ili mstari huo uelekee anakolenga mchezaji.

Sheria za gofu zinataka mpini upinde sawa hata ukizungushwa upande gani, na ujisokote sawa kulia na kushoto. Kuupanga ili kufuta dosari ndogo za kiwandani kunaruhusiwa. Kutengeneza kwa makusudi mpini wenye upande mmoja mgumu ili upate faida ni marufuku.

Lakini hapa ndipo wengi wanapopigwa. Mipini mizuri ya siku hizi ina tofauti ndogo sana kati ya upande na upande, na hata wataalamu wanabishana ni kiasi gani kuipanga kunasaidia. Kinachoanza ni urefu, uzito na ugumu unaoendana na kasi ya mchezaji. Kulipia upangaji wakati mpini wenyewe si saizi yako ni sawa na straika wa mguu namba 41 kuvaa kiatu namba 44, halafu analalamikia kamba.

Kuna mtego mwingine. Dreva nyingi za sasa, fimbo ndefu za mkwaju wa kwanza, zina shingo ya kufungua na kufunga ili kubadili pembe ya kichwa. Nyingi kati ya hizo ukizigeuza, mpini nao unageuka. Ile alama ya fundi inaelekea kwingine, na hela ya upangaji imeenda na maji.

Kwa hiyo kijana atakayepata fimbo ya mtumba apime urefu kwanza, aangalie kama mpini una ufa, aone mshiko haujageuka, ndipo aulizie uti wa mgongo.

Uwanja wa mashimo 18 unahitaji pia watu wa kubadili mipini, kugundisha vichwa na kuvisha mishiko mipya. Jiliwa, gundi ya epoksi, mizani na mkono mtulivu vinatosha kuanzia. Mafundi wa aina hiyo wakikosekana Serengeti na Tarime, kila fimbo itakayoharibika itapelekwa Arusha au Dar es Salaam, na hela ya ufundi itaondoka nayo.