Darubini, Mkeka na Miguu Mitatu

"Mjomba, nikipata darubini ya macho mawili ya kutazamia nyota, ninunue na stendi ya miguu mitatu?"

Swali zuri hilo! Mtoto wa Tabora ndiye aliyeniuliza, nami nimelipenda sana. Mtoto anayeuliza kabla ya kutoa pesa ana akili. Haya, na wewe unayesoma, sogea karibu.

Tuiulize darubini yenyewe. Ewe darubini, mbona ukishikwa mkononi nyota zinachezacheza?

"Mimi sichezi," inajibu darubini. "Nimeandikwa 10x50. Kumi maana yake nakuza mara kumi. Hamsini ni upana wa kioo changu cha mbele, milimita 50, kinachoingiza mwanga. Nakuza mwezi mara kumi. Na mkono wako ukitetemeka kidogo, mtetemo nao naukuza mara kumi. Ndiyo kazi yangu!"

Na mkono unatetemeka kwa nini? Kwa sababu uko hai. Damu inapiga, kifua kinapumua. Galileo, mtazama nyota wa Italia, alilijua hilo mapema. Januari 1610, mwezi ule ule alipoiona miezi minne ya sayari Mshtarii, aliandika barua akishauri chombo kifungwe mahali patulivu, kwa kuwa mapigo ya damu na pumzi hukitikisa.

Hapa kwetu utulivu ulitafutwa pia. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ndipo msafiri Livingstone alipokaa mwaka 1872, kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Wasafiri wa namna yake walipima nyota kwa sekstanti, chombo cha kupimia nyota iko juu kiasi gani, ili wajue wako wapi duniani. Baharini nahodha hupimia kuanzia upeo, pale bahari inapokutana na anga. Nchi kavu upeo ulionyooka hivyo haupo, kwa hiyo walimimina zebaki kwenye kisahani, ikatulia sawa kama kioo, wakaitazama nyota humo. Upepo ukivuma, au mtu akipita karibu, sura ya nyota inavurugika. Na kisahani hicho nani alikifikisha Tabora? Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Ukisoma habari za Livingstone, wakumbuke na hao.

"Mjomba, kwa nini miguu iwe mitatu, isiwe minne?"

Nenda jikoni kwa bibi. Mafiga ni mangapi? Ni matatu. Hata ardhi ikiwa na vishimo, mafiga matatu yote yanagusa chungu. Ongeza la nne, moja linaweza kubaki halijakigusa, na chungu kikayumba. Stendi nayo ni hivyo hivyo.

"Basi ninunue!"

Subiri kidogo. Tabora iko digrii 5 hivi kusini mwa ikweta. Nyota nyingi nzuri hapa hupita juu sana. Julai, karibu saa nne usiku, kundi la nyota liitwalo Nge liko juu, na ile nyota yake nyekundu. Sasa funga darubini kwenye stendi, ielekeze huko juu. Kichwa utakipitisha wapi? Utapiga magoti, utakunja shingo, na miguu ya stendi itakuzuia.

Tandika mkeka uani. Weka mto. Lala chali. Zima taa, uyape macho dakika 20 yazoee giza. Bana viwiko mbavuni, toa pumzi polepole. Nyota zinatulia! Na mkeka mnao tayari nyumbani. Ukitaka kutazama mwezi mwandamo, ulio chini magharibi, simama uegemee ukuta au shina la mwembe.

"Kwa hiyo stendi haina kazi?"

Inayo, tena kubwa. Darubini ya 15x70 ni nzito, na mtetemo inaukuza mara 15. Hiyo inataka stendi. Na mkiwa watoto wengi, stendi ni neema. Ilengeni Mshtarii ikiwa bado chini mashariki, kisha kila mmoja apite achungulie ile miezi minne bila kuitafuta upya. Ila msichelewe. Dunia inazunguka digrii 15 kila saa, na baada ya robo saa hivi Mshtarii itakuwa imetoka kwenye kioo. Sogezeni darubini kidogo, muendelee.

Kabla ya kununua, tazama mbele, katikati ya mirija miwili. Darubini nyingi zina tundu la skrubu hapo, chini ya kifuniko kidogo. Utahitaji pia kipande cha kuiunganisha na stendi, chenye umbo la herufi L. Mwombe mpiga picha wa mtaani akuazime stendi yake usiku mmoja, ujaribu mwenyewe.

Basi mpwa wangu, kwa 10x50 yako anza na mkeka. Stendi itafuata, siku utakapopata darubini nzito au watazamaji wengi. Na darubini, iwe mkononi au kwenye stendi, usiielekeze kwenye jua hata mara moja. Utapofuka.