Amepimwa, Hana: Kwa Nini Afungiwe?

Swali hili nimelijibu hadi nimechoka: kama mchezaji kapimwa na hana korona, kwa nini afungiwe? Juzi kaniuliza mtu tena, safari hii akinitajia Jofra Archer. Julai 2020, West Indies walipozuru England kwa mechi 3 za kriketi ya Testi bila watazamaji, timu zote mbili zililala hoteli za uwanjani hukohuko, Southampton kisha Manchester, zisichanganyike na watu wa nje. Archer, mrushaji mpira wa England, akiwa njiani kwenda Manchester alipitia kwake. Akaondolewa mechi ya pili, akatengwa siku 5, akapimwa mara 2. “Si wangempima siku ileile yakaisha?”

Yasingeisha. Kijiti chenye pamba huingizwa puani, kikazungushwa, kikazoa ute. Maabara hutafuta vinasaba vya kirusi ndani ya ute huo, basi. Aliyeambukizwa jana virusi vyake bado ni vichache mno. Vinahitaji siku kadhaa kuzaliana hadi kipimo kivione. Aliyepanda mahindi asubuhi hafukui shimo jioni akatangaza kuwa mbegu imeoza! Majibu hasi yanasema jambo moja tu: saa ile, kijiti kile hakikuzoa kitu. Hayasemi kwamba hujaambukizwa. Hayakukingi wiki nzima. Muhuri kwenye cheti haubadilishi hilo, na inaniuma kwamba watu walikwenda kukaa na wazee wao wakiitegemea karatasi hiyo.

West Indies wenyewe walipimwa kabla ya kuondoka, wakapimwa tena walipotua Juni 9, na bado wakakaa karantini siku 14 kwenye uwanja wa kriketi wa Old Trafford, Manchester. Septemba 2021 msaidizi mmoja wa timu ya India alikutwa na kirusi. Wachezaji wote wakapimwa, hakuna aliyekutwa nacho, lakini mechi ya Manchester ikafutwa saa chache kabla ya kuanza. Wengi waliona ni uoga. Hofu ilikuwa juu ya wale ambao wangekutwa nacho siku zinazofuata.

Kwa hiyo, ukikaa na mgonjwa usikimbilie kupima kesho yake: subiri siku 5. Dalili zikianza mapema, pima hapohapo. Kipimo cha haraka kikisema huna, rudia baada ya saa 48. Siku zote hizo vaa barakoa, fungua madirisha, na bibi mpigie simu tu.