Injini za Mvuke Katika Mashamba ya Miwa ya Java
Katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia, viwanda vya sukari viliendelea kutumia injini za mvuke kuvuta mabehewa ya miwa, nyingi zikiwa zimeundwa na kampuni ya Kijerumani ya Orenstein & Koppel, miaka mingi baada ya reli za abiria kuziacha, kwa kuwa nishati yake haikununuliwa: tanuri zilichochewa kwa makapi, yaani mabaki makavu ya miwa iliyokwisha kukamuliwa, yaliyofungwa marobota. Makapi huungua upesi na kurusha cheche nyingi, jambo lililomchosha mchochea moto, lakini likawavuta wapiga picha kutoka Ulaya, Japani na Australia, waliofika msimu wa mavuno kuzinasa cheche hizo gizani. Siku hizi miwa mingi hubebwa na malori.