Mwendo wa Mwisho

Leo twataka kuwaza pamoja nanyi juu ya jambo ambalo kila msafiri wa miguu analijua, yaani ule mwendo wa mwisho kabla ya kuingia mjini.

Mwezi wa Agosti sisi watu wa parishi moja tulitembea kutoka Molo hadi Nakuru, yapata kilomita 50, tukilala Elburgon na Njoro. Njia hiyo huteremka, kwa maana Molo iko karibu mita 2,500 juu ya bahari, na Nakuru mita 1,850 hivi. Siku ya tatu, tulipotoka Njoro, tuliuona mlima Menengai mbele yetu, na ziwa liking'aa upande wa kuume. Tukasema, "Tumefika!" Kumbe bado.

Watu hudhani mwendo wa mwisho ni mwepesi. La hasha. Baada ya siku mbili miguu imevimba, na katika mteremko vidole husukumwa mbele ya kiatu, na magoti hubeba uzito wote. Tena mji uonekanao kutoka juu hudanganya macho, huonekana karibu. Hapo wenye nguvu huongeza hatua, na wanyonge, wakiona wanaachwa, hufa moyo. Kundi lililokuwa moja kwa siku mbili huvunjika katika saa moja.

Ndivyo ilivyotupata. Nasi wachungaji tulikuwa mbele, tukitaka kuingia mjini kwa nyimbo kabla ya adhuhuri. Tulipohesabu watu, mama mmoja mzee hakuwapo. Wawili wetu tukarudi, tukamkuta ameketi chini ya mti, viatu mkononi.

"Mama, utusamehe, tumekuacha."

Akajibu kwa upole, "Mchungaji, si mara ya kwanza. Mwaka 2008 niliipita njia hii usiku, mjukuu mgongoni, na nyumba yangu ikiwaka nyuma yangu. Wenye nguvu walinipita. Sikuwalaumu, walikimbia kifo. Lakini leo ninyi mlikuwa mkikimbilia nini?"

Ndugu zangu, hatukuwa na jibu.

Fungueni nyumbani kitabu cha Mwanzo, sura ya 33. Yakobo amekwisha kupatana na Esau nduguye, baada ya miaka mingi ya uadui. Esau ataka waondoke pamoja. Yakobo amwomba atangulie. Watoto ni wachanga, na mifugo inanyonyesha. Wakikazwa mwendo siku moja tu, kundi litakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto. Angalieni, mwendo wa kundi hupimwa kwa yule aliye dhaifu. Na Yakobo mwenyewe alikuwa akichechemea!

Kanisa letu nalo lina mfano wake. Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka Rabai kwa miguu na wapagazi wapatao 200, akapita katika Bonde la Ufa. Ziwa Bogoria liliitwa kwa jina lake kwa miaka mingi. Huko Mumias aliwaacha wengi wa watu wake chini ya shemasi William Jones, Mwafrika aliyekuwa mtumwa akawekwa huru. Askofu aliendelea na watu 50, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Jina la askofu twalikumbuka kila mwaka. Lakini ni nani aliyewarudisha wale waliobaki, wamechoka na wenye huzuni, hadi wakaingia Rabai Februari 1886? Ni Jones. Huo nao ni uchungaji.

Tarehe 28 Februari 2008 viongozi wetu walitia sahihi mapatano. Mahema yaliyojaa uwanja wa maonyesho wa Nakuru yakaondolewa baadaye. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ikafanywa jiji. Wengi wetu tukasema, "Tumefika." Je, wote wamefika? Katika viti vya kanisa lako yuko aliyeingia mji huu kwa miguu usiku, wala hajaulizwa hata leo alikotoka. Pengine ameketi karibu na yule ambaye jamaa yake alimfukuza. Amani iliyoandikwa hutangulia upesi. Amani ya moyo huja nyuma, viatu mkononi, nayo yahitaji mtu wa kurudi kuitafuta.

Tuliingia Nakuru saa tisa alasiri, bila nyimbo. Yule mama alitangulia, amevaa ndara za kuazimwa, nasi sote tukafuata hatua zake.

Juma hili, jiulize: Ni nani niliyemwacha njiani? Rudi ukamtafute. Ukimkuta, usianze kuhubiri. Keti kwanza, umsikilize.

Na tuombe. Ee Bwana, Mchungaji mwema, wewe hukumwacha kondoo mmoja. Utusamehe haraka yetu. Utufundishe kwenda kwa mwendo wa aliye nyuma, hata sote tuingie pamoja katika mji wako. Amina.