Tumbo Linalouma Siku za Shule Tu

Mzazi anamleta mtoto kliniki: tumbo linamuuma, kichwa kinamgonga, usiku hapati usingizi. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, choo hakina minyoo, mkojo hauna tatizo. Ukimuuliza mzazi maumivu huanza lini, anasema asubuhi za shule, hasa wiki za mitihani. Jumamosi mtoto huyohuyo anacheza mpira hadi jioni. Wengi huamua kwamba anajifanya. Hajifanyi.

Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli kwenye damu. Moyo hudunda kwa kasi, pumzi huwa fupi, na damu hupungua tumboni ili iende kwenye misuli, mwili uwe tayari kukimbia au kupambana. Mmeng'enyo wa chakula huvurugika. Tumbo husokota, kichefuchefu huja, na haja ya kwenda chooni haiishi. Mwili huitikia hivyo mbele ya mbwa mkali, na mbele ya karatasi ya hesabu pia. Maumivu ni ya kweli hata kama maabara haikuona mdudu.

Tanzania Bara, hofu hii hupanda kwa wanafunzi wa darasa la saba kadiri mtihani wao wa taifa wa Septemba unavyokaribia. Kuna kambi, tuisheni hadi jioni, mitihani ya majaribio mfululizo, na maneno ya nyumbani: "Ukifeli utarudi kijijini kuchunga." Tunadhani tunamhimiza. Wasiwasi kidogo kweli humwamsha mtoto, lakini ukizidi huchukua nafasi ya akili inayohitajika kushika swali na kulifanyia kazi. Ndiyo maana hesabu aliyoiweza jana nyumbani humpotea darasani.

Afanye nini mzazi? Kwanza, asikilize. Badala ya "acha uoga", muulize mwanao mkiwa mnachambua mchele au mnatembea: "Naona una wasiwasi. Unaogopa nini hasa?" Huenda kuna mwalimu anayempiga, wenzake wanaomwonea, au mtu anayemsumbua njiani. Hapo tatizo si hofu yake. Ni kazi ya mtu mzima kuliondoa jambo lenyewe.

Pili, mfundishe kupumua. Avute hewa puani taratibu mkihesabu hadi tatu, aitoe mdomoni mkihesabu hadi tano, kwa dakika chache. Mfanye mazoezi hayo kila jioni akiwa ametulia, ili siku ya mtihani mwili uwe umeshazoea.

Tatu, usimzoeshe kubaki nyumbani. Akibaki anapata nafuu papo hapo, na ubongo unajifunza kwamba shule kweli ni ya kuogopwa. Kesho hofu inakuwa kubwa zaidi. Zungumza na mwalimu, kisha mpande ngazi ndogondogo: awahi kufika, akae karibu na rafiki, ajaribu maswali machache nyumbani kwa kufuata saa. Msifu kwa kujaribu, si kwa alama peke yake.

Nne, linda usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Anayerudi tuisheni usiku na kuamshwa saa kumi alfajiri kuwahi basi hawezi kuzipata. Punguza kipindi kimoja cha tuisheni, mrudishie na muda wa kucheza.

Maumivu yakimwamsha usiku, yakija na homa, damu kwenye choo au kupungua uzito, daktari amwone upya. Hofu ikiendelea kwa wiki kadhaa na kumkosesha shule, mtafutie mtaalamu wa afya ya akili. Akisema anataka kufa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure.

Na kabla Septemba haijafika, mwambie mwanao waziwazi kwamba alama zake hazitabadili nafasi yake nyumbani. Matokeo yakitoka, timiza neno lako.