Je, Wajua? Maelezo ya nyuma ya boksi ndiyo yaliyozipa Transformers uhai

• Roboti nyingi za kwanza za kuchezea za Transformers zilianzia Japani, ambako kampuni ya Takara iliziuza kama Diaclone na Microman. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilizikusanya chini ya jina moja na kuzitungia kisa: vita vya Autobots na Decepticons.

• Tabia za roboti hizo zilitungwa na Bob Budiansky, mhariri wa Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni. Jina la Megatron, kiongozi wa Decepticons, ni lake. La Optimus Prime, kiongozi wa Autobots, lilibuniwa na mhariri mwenzake, Dennis O'Neil.

• Nyuma ya boksi palichapwa wasifu mfupi na chati ya sifa nane, zikiwemo nguvu, akili, kasi na ujasiri. Chati ilifunikwa na michoro ya rangi nyekundu. Mtoto alipoweka juu yake kipande cha plastiki nyekundu, michoro ilipotea na alama zikaonekana.

• Filamu ya Transformers ya mwaka 1986 ilimuua Optimus Prime ili kupisha roboti mpya madukani. Watoto walilia ndani ya kumbi za sinema, na mwaka 1987 akafufuliwa kwenye televisheni.

• Wasifu wa nyuma ya boksi ulizaa vitabu vya mwongozo vyenye picha. Marvel ilitoa *Transformers Universe* mwaka 1986, na mwaka 2004 kikaja *Transformers: The Ultimate Guide* cha Simon Furman. Vitabu hivi vinastahili heshima: vinahifadhi kazi ya waandishi waliokipa kila kipande cha plastiki tabia yake.